Kushusha Gari Arusha na Moshi: Pima Kwanza Nafasi ya Kubonyea

Mwenye Altezza au Mark II akifika gereji anataka gari lishuke, mazungumzo huanza na inchi: mbili au tatu? Fundi anatazama pengo kati ya tairi na madigadi, anakubali, kazi inaanza. Hapo limerukwa swali lililopaswa kutangulia. Gari lililokaa chini vizuri linapendeza, na simkatazi mtu kulishusha. Ila usalama wake hausomeki kwenye pengo la madigadi. Unasomeka kwenye shokapu: gurudumu limebakiwa na sentimita ngapi za kupanda kabla chuma hakijagota kwenye chuma. Hiyo ndiyo nafasi ya kubonyea, na madhara mengi ya kushusha gari vibaya yanaanzia hapo.

Magari madogo mengi hutoka kiwandani na nafasi ya sentimita 7 hadi 10, yakiwa na dereva peke yake. Nafasi hiyo ndiyo inayomeza pigo la shimo na la tuta, na inameza kwa hesabu ambayo wengi hawaitarajii. Uwezo wa springi kumeza pigo unakwenda kwa mraba wa umbali inaobonyea. Punguza nafasi kwa nusu, springi ileile itameza robo tu ya pigo. Ukitaka imeze pigo lilelile ndani ya nusu ya nafasi, lazima iwe ngumu mara nne. Springi ya Corolla au IST ina ugumu wa kilo 2 hadi 3 kwa milimita, maana yake kila kilo 2 au 3 za uzito zinaibonyeza milimita moja. Mara nne yake ni kilo 8 hadi 12, na hiyo ni springi ya gari la mashindano, siyo ya kuingia nayo mjini kutoka Tengeru kila asubuhi.

Kwa hiyo anayekula nusu ya nafasi na kubaki na springi laini ameshaamua, ajue asijue, kwamba pigo linalozidi litapokewa na kitu kingine. Kwanza stopa, ile raba ya kugotea iliyovaa rodi ya shokapu. Stopa ikiisha, pigo linakwenda kwenye vali ya chini ya shokapu, kisha kwenye raba na bearing za juu, kisha kwenye bati la bodi pale shokapu inapofungwa. Bati hilo likianza kupasuka kuzunguka bolti tatu za juu, hakuna alaimenti itakayosimama tena kwenye gari hilo.

Kwenye kona hatari ni nyingine. Gari linapokata kona, upande wa nje unabonyea. Stopa ikigota katikati ya kona, ugumu wa upande ule unaruka ghafla, tairi lile linabebeshwa mzigo wote kwa mara moja, na tairi lililozidiwa linateleza. Ikitangulia kugota ya mbele, gari linakataa kona na kwenda moja kwa moja. Ikitangulia ya nyuma, mkia unachomoka. Ndiyo sababu magari yaliyoshushwa nyuma kupita kiasi ili "yakae" huwa ya hatari zaidi kwenye kona za kuteremka kutoka Marangu kuliko yalivyo kwenye barabara iliyonyooka ya Sakina.

Sasa weka watu. Desemba magari yanapanda Machame, Kibosho, Mwika na Rombo yamejaa familia na mizigo ya sikukuu. Tuseme ni IST, abiria wanne na mabegi, jumla kilo 340. Mzigo mkubwa unaangukia nyuma, tuseme kilo 200. Springi mbili za nyuma, kila moja ina ugumu wa kilo 2.5 kwa milimita, zote mbili kilo 5. Gawa 200 kwa 5: milimita 40. Sentimita 4 zimekwenda gari likiwa bado limesimama nyumbani. Kama kiwandani lilikuwa na 8 nyuma na wewe umelishusha 4, gari hilo linapanda mlima likiwa limeketi juu ya stopa njia nzima. Springi hazina tena nafasi ya kumeza pigo lolote. Anayepanga kushusha gari la familia aanze na hesabu hii, si na picha za mtandaoni.

Kuna kanuni moja ya Australia ambayo naiona ni ya busara, ingawa si sheria yetu: gari linaposhushwa, lisipoteze zaidi ya theluthi moja ya nafasi yake ya awali, iwe ya kubonyea au ya kuning'inia (gurudumu kushuka likiwa hewani), na lisipungue milimita 100 kutoka ardhini. Gari lenye sentimita 9 linaruhusiwa kupoteza 3. Kwa barabara zetu, zenye matuta na rasta kila kijiji kuanzia Usa River hadi Bomang'ombe, na vumbi la makorongo ukishaacha lami, ningeishia hapohapo: sentimita 2.5 hadi 3 kwa gari la kila siku. Sentimita 4 zinawezekana ukiwa na shokapu fupi na springi ngumu zilizotengenezwa pamoja. Zaidi ya hapo ni gari la maonyesho, na lichukuliwe hivyo.

Tuta lenyewe lina hesabu yake rahisi. Magurudumu ya mbele yakishavuka na ya nyuma bado, tumbo la gari linapita juu ya kilele cha tuta huku magurudumu yote manne yako chini. Tuta lenye urefu wa sentimita 10 linahitaji tumbo lililo juu ya sentimita 10, na uongeze sentimita ambazo gari linabonyea likishuka kutoka kilele. Matuta ya mitaani ambayo wakazi wamejijengea wenyewe mara nyingi ni ya juu zaidi na makali zaidi. Kinachoguswa kwanza huwa sampu ya oili, bomba la eksozi, au mabomba ya breki na mafuta yanayopita chini ya sakafu. Sampu ikipasuka oili inamwagika, na injini isiyozimwa hapohapo inakwama.

Kupima

Egesha gari pa sawa, upepo wa matairi uwe sahihi, tangi liwe nusu. Lisukume mbele na nyuma mita moja hivi ili springi zikae. Pima wima kutoka katikati ya habu, yaani katikati ya gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, uandike. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto kabla hujagusa kitu ni dalili ya springi iliyochoka au ya gari lililowahi kugongwa. Itafutwe kwanza.

Kisha fungua shokapu, toa springi, irudishe bila springi. Inua mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na bodi, kwa jeki taratibu mpaka stopa ianze kugusa, pima tena habu hadi madigadi. Tofauti ya vipimo viwili ni nafasi huru, na juu yake ongeza nusu hivi ya urefu wa stopa, kwa kuwa nayo hubanwa. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Usirudishe springi bado. Mkono ukiwa umeinuliwa hivyo na tairi likiwa mahali pake, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, uone tairi linagusa wapi: ukingo wa madigadi, plastiki ya ndani, au rodi ya stebilaiza. Milimita 10 za nafasi kila upande ni kiasi cha kuridhisha. Chini ya 5, tairi litagusa tu barabarani, maana tairi lenyewe linajikunja kwenye kona na raba za mikono zinacheza.

Asiye na muda wa kufungua ana njia nyepesi. Pandisha kifuniko cha vumbi cha shokapu, funga zipu tai ya kufungia nyaya kwenye rodi, uisukume chini iguse kichwa cha silinda. Endesha njia zako za kawaida, na siku moja ujaze watu. Zipu tai inasukumwa juu na silinda na kubaki pale pigo kubwa lilipofikia. Ukiikuta imebanwa kwenye stopa kabla hujashusha hata milimita moja, gari hilo halina cha kutoa.

Springi iliyokatwa

Kukata springi kwa grainda ndiyo njia inayotumika zaidi kwa sababu haina gharama, na inahitaji kuelezwa vizuri kwa sababu madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Ukitoa mmoja na nusu, asilimia 33. Ugumu unaongezeka kidogo huku nafasi ikipungua sana, na tumeshaona kwamba kidogo hicho hakitoshi kufidia. Shokapu ya zamani ilipangiwa springi laini. Sasa inashindwa kuituliza ngumu, gari linanesa baada ya kila tuta, na ndani ya muda mfupi sili za shokapu zinavuja.

Kibaya zaidi kiko kwenye kuning'inia. Springi ya kiwandani imebanwa kidogo hata gurudumu likiwa hewani, hivyo haiwezi kuhama kwenye kikombe chake, yaani kiti inachokalia. Iliyokatwa imekuwa fupi kuliko shokapu inavyoweza kurefuka. Gurudumu likidondoka kwenye shimo, au gari likipanda tuta kwa pembe, springi inalegea na kucheza. Ikirudi kubanwa inaweza kukaa pembeni mwa kikombe, ikasugua tairi, ikakata hozi ya breki, au gari likalala upande mmoja katikati ya mwendo. Ukitaka kujua kama gari ulilonunua lina tatizo hili, liinue kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, kisha jaribu kuzungusha springi kwa mkono. Ikizunguka au ikicheza juu na chini, gari hilo lisiende barabarani.

Ncha ya springi nayo ina umbo lake. Nyingine mzunguko wa mwisho umelazwa bapa, nyingine umekunjwa kuwa mdogo ili ukae kwenye kikombe. Ukikata upande huo, ncha kali inabaki ikisimama juu ya raba, inaitoboa, kisha inaanza kula chuma cha kikombe.

Kuchoma springi kwa gesi ni kubaya kuliko kukata. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani, kikapozwa ghafla, kisha kikatulizwa kwenye joto la nyuzi mia nne na kitu ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Moto wa gesi mpaka chuma kiwe chekundu ni nyuzi 700 na zaidi. Sehemu ile imepoteza kile kilichoifanya kuwa springi. Itaendelea kulala kila wiki, na pale sehemu laini inapokutana na ngumu ndipo itakapokatikia. Hata cheche za kulehemu au waya wa ethi uliobanwa kwenye springi huacha doa gumu linaloanzisha ufa. Springi iliyopitiwa na moto hairekebishiki, inatupwa.

Kuna pia wanaotoa stopa ili "gari lisigonge". Stopa ndiyo kinga ya mwisho kabla ya chuma. Watengenezaji wa springi fupi wakati mwingine huagiza ikatwe kwa kipimo fulani, na hapo inakatwa kwa kipimo hicho. Kuitoa yote hakuna maelekezo yoyote halali yanayosema.

Vifaa vinavyofaa

Springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako, zikiambatana na shokapu fupi, ndiyo njia ya amani kwa anayetaka sentimita 3. Zenyewe ni ngumu kiasi na zinabaki zimebanwa gurudumu likiwa hewani. Kwa Altezza, Mark II nyingi na Mark X kumbuka kwamba shokapu ya mbele inafungwa kwenye mkono wa chini, ndani kuliko gurudumu. Springi ikifupishwa sentimita 2, gurudumu linashuka karibu 3. Watu wengi wamepitiliza kipimo kwa kutojua hilo.

Koilova, shokapu zenye nyuzi za kupandisha na kushusha, ni bora zikiwa za aina yenye kikombe cha chini, kile kinachoshika silinda ya shokapu, kinachozunguka peke yake: urefu wa gari unabadilika bila kugusa nafasi ya shokapu. Zile za kuzungusha kiti cha springi pekee, kila ukishusha unapoteza nafasi ya kubonyea, na ukizidisha springi inalegea. Kwenye aina zote mbili, angalia alama ya mwisho ya nyuzi. Silinda iliyoshikwa na nyuzi chache ndani ya kikombe cha chini itachomoka.

Magari mengi yaliyotumika Japani yanafika hapa yakiwa tayari yameshushwa, na mnunuzi hajui. Ukiona viti vya springi vya rangi kali au nyuzi kwenye shokapu, uliza maswali. Springi za Kijapani za aina hiyo mara nyingi zimepigwa ugumu: 8K ni kilo 8 kwa milimita. Angalia kama mbele na nyuma ni seti moja, kama kuna mafuta kwenye rodi, kama ringi za kufungia zinazunguka au zimeganda kwa kutu. Koilova iliyovuja ukaijaza oili yoyote kwenye gereji si koilova tena.

Springi za hewa na haidroliki nitazipitia haraka. Mambo hayo yana historia ndefu Marekani: California ilipoweka sheria mwaka 1958 kwamba sehemu ya gari isishuke chini ya ukingo wa rimu, Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake mwaka 1959 ili aweze kuliinua akikutana na polisi. Kwa hapa kwetu tatizo ni hozi. Hozi ya hewa inayosugua kwenye chuma inatoboka, na kona moja inaanguka gari likiwa kwenye mwendo. Anayefunga hewa apitishe hozi mbali na tairi na eksozi, aweke geji inayoonekana na dereva, na asiondoke kamwe kabla gari halijafika kimo chake cha kutembelea.

Wakati wa kufunga

Springi ya kilo 2.5 kwa milimita ikibanwa sentimita 15 inashikilia msukumo wa kilo 375. Hiyo inatosha kumuua mtu aliyeinama juu yake. Nati ya juu ya katikati haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kompresa (vibano vya springi), na kompresa ni mbili, zikitazamana, kila moja ikishika mizunguko mingi iwezekanavyo, zikikazwa kwa zamu kidogokidogo kwa spana ya mkono. Waya, mnyororo na kamba si kompresa. Uso usiwe juu ya nati. Gari lenyewe liwekwe juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki peke yake wala matofali. Tofali la saruji linapasuka bila kutoa dalili.

Bolti za raba za mikono zina siri ambayo gereji nyingi zinaipuuza. Raba ile imegundishwa kwenye bomba lake la ndani, na inafanya kazi kwa kujisokota. Ukikaza bolti magurudumu yakining'inia, raba inakaziwa kwenye pembe ya kuning'inia. Gari likishuka, raba inabaki imesokotwa muda wote na inachanika mapema. Kaza kwa kushika tu, shusha gari kwenye magurudumu yake au inua mkono kwa jeki mpaka kimo cha kutembelea, kisha ukaze mwisho. Nati za kufungia zenye plastiki ndani zibadilishwe kila zinapofunguliwa. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103, kwa toki renchi, kwa mpangilio wa kuvuka.

Kabla ya kufunga tairi, zungusha usukani mwisho huku na huku, gurudumu likining'inia na likiwa juu, ukiangalia hozi ya breki na waya wa ABS. Visivutike, visisugue. Koilova nyingi zina kishikio cha hozi kisicholingana na cha kiwandani. Kufunga hozi kwa waya hakukubaliki.

Usukani na matairi

Kwenye magari ya mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, kama Corolla, IST, Impreza na Forester, mkono wa chini kiwandani unateremka kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha gari, unalala bapa, ukizidisha unapanda. Hapo kile kitovu ambacho bodi inalalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili unaongezeka, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini. Dawa yake ni boljointi ndefu za sentimita 2 hadi 3 zinazorudisha mkono mahali pake. Rimu ndogo haiachi nafasi kwa boljointi hizo, kwa hiyo pima kwanza.

Tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, nayo inazunguka kwenye tao lake. Kiwandani tao lake na la mkono wa chini yanakwenda pamoja. Yakiachana, kila gurudumu linapopanda na kushuka linajigeuza lenyewe kidogo. Dereva anaona gari "linatafuta" barabara kwenye rasta, usukani ukivuta bila kuguswa. Kwenye kilomita 50 kwa saa ni kero. Kwenye mwendo wa barabara kuu, magurudumu mawili yakishukia pembeni mwa lami, ni hatari.

Alaimenti si hiari baada ya kushusha. Kemba, yaani tairi kulalia ndani kwa juu, inaongezeka yenyewe. Nyuzi 1 hadi 1.5 hazina neno. Ikipita 2.5, sehemu ya tairi inayogusa lami wakati wa kufunga breki imepungua, na mvua za masika zitalionyesha hilo. Lakini kinachokula tairi upande wa ndani ndani ya wiki chache mara nyingi si kemba, ni tou, matairi kuangalia nje. Tou iwe karibu na sifuri. IST, Vitz na Noah zinazosukumwa na magurudumu mawili zina ekseli ya nyuma ya boriti moja isiyo na marekebisho, kwa hiyo fundi akikuambia amerekebisha tou ya nyuma, muulize ameweka nini.

Mstari wa rimu

Kipimo hiki hakigharimu kitu. Nyoosha kamba kutoka sehemu ya chini kabisa ya rimu upande mmoja mpaka pale tairi la upande wa pili linapogusa ardhi, kisha ugeuze uanze upande wa pili. Hakuna sehemu ya breki, usukani, mkono wala chesisi inayopaswa kuwa chini ya kamba hizo. Sababu ni tairi kupasuka. Gari likianguka kwenye rimu, sehemu iliyo chini ya mstari inachimba lami na usukani hauna kazi tena. Tairi za ukuta mfupi zinazidisha hatari hii, kwa kuwa zinapasukia kwenye mashimo ambayo tairi la kawaida lingepita salama.

Pikapu na Hiace zina jambo lao la breki ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Hilux na Hiace nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli. Mzigo ukiongezeka, bodi inakaribia ekseli, fimbo inasogea, breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Ukishusha nyuma, vali inadhani gari limepakia. Gari tupu linafungwa breki za nyuma kwa nguvu ya gari lililojaa, magurudumu ya nyuma yanakwama kwanza, na mkia unakuja mbele. Fimbo hiyo lazima irekebishwe kwa kipimo kipya, na breki zijaribiwe mahali pa wazi. Pikapu isishushwe kwa kutoa majani ya springi, maana uwezo wa kubeba unatoka pamoja nayo. Ikiwa ni bloku kati ya springi na ekseli, iwe moja, ya chuma, ikiwa na pini ya katikati na yubolti za urefu wake. Bloku za mbao na bloku mbili zilizopandana hapana. Na Hiace ya abiria isishushwe kabisa. Springi zake za mbele ni fito za kusokota, na kulegeza bolti yake hakuzifanyi kuwa ngumu, kunaishusha tu iketi juu ya stopa na watu kumi na kitu ndani.

Taa zirekebishwe pia. Egesha mita 10 kutoka ukutani: mwanga wa chini ukatike sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Nyuma ikishuka kuliko mbele, unawapofusha wote wanaotoka Moshi usiku. Magari yenye taa zinazojirekebisha, kama Mark X na Crown, yana kisoma kimo kwenye mkono wa nyuma, na fimbo yake inahitaji kurekebishwa.

Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni kwa maandishi kabla, kwa sababu badiliko lisilotajwa ni sababu rahisi ya kukataa kulipa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani, na trafiki akiona tairi linasugua madigadi hana haja ya kupima inchi.

Baada ya kilomita 100, kaza tena kila bolti uliyoigusa, yubolti zikiwemo. Kati ya kilomita 500 na 1,000 springi zinakuwa zimekaa, kwa hiyo pima upya habu hadi madigadi na urudie alaimenti. Kila ukibadilisha oili, pandisha vifuniko vya vumbi uone rodi, pitisha kidole ndani ya tairi ukitafuta uvimbe au mikwaruzo, na osha ringi za koilova kwa brashi. Vumbi la hapa likichanganyika na maji ya masika linakauka kwenye nyuzi kama saruji, na ringi iliyogandia haitashuka wala kupanda siku utakapotaka kuinua gari kwa ajili ya safari.